Shingo ya Orest na Fagio la Lorne

Kwa miaka kumi na moja Orest Hnatiuk aliheshimiwa na mji mzima wa Tolsby kwa kuwa na akili nyingi, na akili yenyewe ilikuwa kidole tu.

Misuli ya shingo yake ilikuwa ikijivuta bila ruhusa yake, inakigeuza kichwa upande wa kushoto na kukiacha hapo kama mlango uliong'oka bawaba. Madaktari huiita distonia ya shingo. Kituko cha ugonjwa huo ni kwamba ukigusa kidevu kwa kidole kimoja, taratibu, kichwa kinakubali kunyooka dakika moja au mbili kabla ya kurudia ukaidi wake. Basi Orest alishinda na kidole kidevuni. Kanisani kidole kidevuni, posta kidole kidevuni, dukani mbele ya makopo ya maharage kidole kidevuni. Watu wakamtazama wakasema, huyu bwana anawaza. Wakamtia kwenye kamati ya maktaba. Wakamtia kwenye kamati ya makaburi. Mwaka ule walipogombana kuhusu rangi ya tangi la maji, walimwita yeye, fundi wa mashine za kuvunia ngano, aje aamue. Akaweka kidole kidevuni, ukumbi mzima ukanyamaza, akasema, "Nyeupe." Alisema nyeupe kwa sababu shingo ilikuwa inamuua na alitaka kwenda nyumbani. Tangi ni jeupe mpaka leo, na busara ile bado inasimuliwa.

Jirani wa kushoto, Bi Philomena Skrypnyk, mjane, alikuwa na maoni yake kuhusu mwanamume anayetazama dirisha lake kila akitoka nje. Alinunua mapazia mapya. Verna, mke wa Orest, alimwambia uso kwa uso, "Mama, hakutazami wewe, anatazama kushoto." Bi Philomena akajibu kwamba kushoto ni yeye.

Lakini mahali pekee ambapo Orest mwenyewe alijiona mtu wa maana palikuwa kwenye barafu. Tolsby, baridi ikishika, watu hawana kazi nyingine: wanaingia kwenye jumba la barafu na kusukuma mawe. Timu ina watu wanne. Mmoja anachuchumaa, anateleza na jiwe la kilo ishirini, analiachia. Wawili wanakimbia mbele ya jiwe wakifagia barafu ili liende mbali. Wa nne, nahodha, anasimama ule mwisho mwingine, kwenye miduara iliyochorwa barafuni, ameshika fagio lake wima. Fagio hilo ndilo shabaha. Unalenga fagio, basi. Refa hayupo. Ukiligusa jiwe linalotembea, kwa mguu au kwa fagio, unanyoosha mkono na kusema mwenyewe, hata kama hakuna aliyeona, na jiwe lako linaondolewa. Hakuna mtu Tolsby aliyewahi kukaa kimya. Aliyewahi alihamia mkoa wa Alberta.

Nahodha wa akina Orest alikuwa Lorne Bratvold, rafiki yake tangu wakiwa na meno ya utoto, mtu mrefu, mkulima wa kitani, ambaye alipenda kusema kwamba barafuni hajawahi kudanganya hata mara moja. Wafagiaji walikuwa ndugu wawili, Clifford na Emmett Tkach. Clifford alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu ila hesabu zenyewe hazikustaafu. Emmett alisema neno mara mbili kwa msimu. Timu hii ilikuwa imechukua Kombe la Ndoo mara nane ndani ya miaka kumi na moja. Ni ndoo kweli, ya maziwa, imetoboka. Na mrushaji wa mawe ya mwisho, yale magumu, alikuwa Orest, shingo imepinda, mikono yote miwili ina kazi, hana hata kidole kimoja cha kupeleka kidevuni.

"Mimi siwezi kuwaza kwa haraka," alikuwa akimwambia Verna, "wala sijui mambo ya makaburi. Lakini fagio, nikilenga, nimelipata."

Verna alikuwa anaosha vyombo kwa bidii kila akisikia maneno hayo.

Shingo ilizidi. Mwanzoni sindano za kulegeza misuli zilisaidia, kila miezi mitatu, kisha zikaanza kuingia kama maji. Usingizi ulimpata kwa saa, siyo kwa usiku. Shingo ilikuwa kama nguo inayokamuliwa na mtu asiyechoka. Mwishowe Daktari Simran Dhaliwal, kule mjini Saskatoon, akamkalisha na kumweleza. Wangemlaza usingizi, wampitishe nyaya mbili nyembamba mpaka chini kabisa ya ubongo, wamwekee betri chini ya ngozi ya kifua, na umeme mdogo mdogo ungevuruga zile amri mbaya zinazoivuta shingo.

"Nitanyooka?" Orest aliuliza, kidole kidevuni.

"Inawezekana sana. Lakini siyo kwa siku moja, mzee wangu. Ni wiki kwa wiki, labda miezi. Na utapewa rimoti. Kuongeza kidogo au kupunguza kidogo ndani ya mipaka niliyoweka, ruhusa. Kuzima, usizime bila kunipigia simu."

"Nikikosea nikashika rimoti ya televisheni?"

"Utabadilisha chaneli," daktari alisema.

Walimfanyia upasuaji mwezi wa nane. Mwezi wa tisa mashine ikawashwa. Mwezi wa kumi alianza kulala usiku kucha, na Verna akaamka mara tatu kuhakikisha anapumua. Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, kichwa kikiwa kimerudi karibu nusu ya safari, alienda mazoezini.

Lorne akasimama kwenye miduara, akaweka fagio. Orest akachuchumaa, akateleza, akaachia. Jiwe likaenda kwa heshima zote upande wa kulia, likavuka mpaka, likawagonga watu wa njia ya jirani waliokuwa katikati ya mchezo wao.

"Orest!" Lorne alipiga kelele. "Unalenga nini, ndugu yangu?"

"Fagio!"

"Fagio lipi?"

"Unalo moja tu mkononi, Lorne!"

Akarusha la pili. Likaenda kule kule, likiwa na imani zaidi. Watu wa jirani wakaanza kuvuta mabegi yao. Kimya kikaingia, kimya cha watu watatu wanaojua jambo na mmoja asiyelijua. Ndipo Emmett akatumia neno lake la kwanza la msimu.

"Mwambieni," alisema.

Lorne akaja akiburuza miguu barafuni, meta arobaini, kama mtu anayepeleka habari ya msiba. "Unajua," alianza, "ulipoanza kupinda, mawe yako yalianza kwenda kushoto. Meta moja hivi. Nikasema nitakwambia. Kisha nikaona, mtu ana maumivu yote yale, nimwambie na hili? Nikalihamisha fagio."

"Ukalihamisha wapi?"

"Kulia. Meta moja."

"Lini?"

"Mwaka ule wa kwanza." Lorne aliangalia viatu vyake. "Nimelihamisha tangu hapo."

Orest alikaa juu ya jiwe. "Kwa hiyo ndoo zile nane…"

"Ulizishinda wewe!"

"Nilizishinda kwa kukosea."

"Ulikosea kwa ustadi mkubwa," Clifford aliingilia, anadhani anafariji. "Digrii zile zile, kila jiwe, miaka kumi na moja. Darasani kwangu sijawahi kupata mtoto anayekosea kwa nidhamu kama wewe."

Nyumbani Orest alimwambia Verna kwamba mji mzima ni waongo. Verna akamwekea pirogi, vile vifurushi vya unga vilivyojazwa viazi, na vitunguu, akasema, "Siyo mji mzima. Bi Philomena hakujua. Yeye alidhani unampenda."

Ungefikiri sasa mambo ni mepesi: shingo inanyooka, fagio linarudi mahali pake, watu wanacheza. Lakini shingo haikunyooka kwa mkupuo, ilikuwa inanyooka kwa awamu. Clifford akaleta ile pima-pembe ya plastiki ya shule, ya nusu duara, na daftari. Kila Jumanne kabla ya mchezo Orest alisimamishwa kwenye mlango wa choo, penye ukuta ulionyooka, Clifford akampima kutoka utosini.

"Kumi na nane," anatangaza. Lorne anahesabu, analiweka fagio sentimeta hamsini na nane kulia.

Wiki iliyofuata: "Kumi na tano. Hongera." Sentimeta arobaini na nane.

Mwezi wa kwanza: "Tisa."

Orest alipolibeba daftari lile Saskatoon, Daktari Dhaliwal alilisoma kurasa zote, akaita wenzake wawili, wakalisoma pia. "Nani amefanya hivi?" aliuliza. "Kliniki yetu haina vipimo vya kila wiki namna hii."

"Ni kwa ajili ya fagio," Orest alisema, na daktari akaandika neno *fagio* kwenye faili lake, huenda lipo hadi leo.

Mwezi wa pili ukafika, na pamoja nao Jumanne ambayo Clifford alipima, akapima tena, akafuta pima-pembe kwa shati, akapima mara ya tatu. "Sifuri," alisema kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo timu ilipoharibika kabisa. Maana kwenye sifuri fagio linatakiwa kuwekwa mahali pa kweli, na Orest hakuamini kwamba lipo mahali pa kweli. Akiliona fagio anajiambia, huyu amesogeza kulia kama kawaida yake. Basi analenga kushoto kidogo. Lorne akiona jiwe limekwenda kushoto anajiambia, shingo imerudi. Analisogeza fagio kulia. Orest akiona linasogea anazidi kushoto. Kila mmoja alikuwa anamrekebisha mwenzake kwa nia njema, na mawe yalikuwa yanatembelea sehemu za jumba ambazo hazijaona jiwe tangu lijengwe.

Katika hali hiyo waliingia fainali ya Ndoo, Jumapili mchana, dhidi ya timu ya mji wa Ostby. Walifikaje fainali, Clifford ana maelezo, lakini yanahitaji ubao.

Dakika kumi kabla ya mchezo Lorne alimfuata Orest chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango.

"Ile rimoti," alisema.

"Imefanya nini?"

"Unayo?"

"Ninayo."

"Zima." Lorne alisema haraka ili asiyasikie maneno yake mwenyewe. "Saa mbili tu. Kichwa kirudi kule kwake, mimi nirudi na fagio langu kule kwake, tucheze kama watu. Tukimaliza unawasha, nakununulia chakula cha jioni."

"Daktari amesema nisizime."

"Daktari haijui Ndoo."

"Lorne, unajua ile shingo ilikuwa inauma vipi?"

Lorne alijua. Ndiyo sababu alikuwa anakitazama kikapu cha taka. "Basi atarusha Dwight," alisema. Dwight ni mkwe wake, mchezaji wa akiba, anayerusha jiwe kama mtu anayefukuza kuku. "Ameshavaa viatu. Sitaki iwe hivyo. Lakini siwezi kushika fagio kwa mtu asiyeniamini, na wewe huniamini. Chagua."

Akatoka. Orest akabaki na rimoti kiganjani. Kitu kidogo, chepesi, kina kitufe kimoja ambacho kikibonyezwa angerudi mwanamume aliyeishi humu miaka kumi na moja: asiyelala, asiyeendesha gari, anayeheshimiwa. Alikiweka kidole juu ya kitufe. Akakitoa. Angewezaje? Wiki ile alikuwa amemtazama Verna akisuka nywele, akamtazama mpaka mwisho, bila kugusa kidevu.

Akairudisha rimoti mfukoni, akaamua kudanganya.

Ukutani kulikuwa na picha nane za mabingwa, moja ya kila mwaka wa ushindi, na katika zote yeye yupo katikati, kichwa kimepinda. Akazikabili kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Akapinda. Akaangalia picha, akarekebisha bega, akapinda zaidi. Safi. Kwa miaka kumi na moja shingo ilikuwa inaijua njia yenyewe, yeye hakuwahi kuulizwa upande. Na picha siyo kioo. Akatoka nje, mwenye huzuni ya kishujaa, kichwa kimegeuka kulia.

Kwenye dirisha la jikoni mwa jumba, palipouzwa supu ya maharage, Verna alidondosha mwiko.

Lorne alimtazama. Clifford akaja na pima-pembe, akaipachika utosini. "Thelathini na moja," alisema. Kisha, taratibu, "lakini upande mwingine."

"Upande mwingine?" Lorne aliuliza.

"Nyaya zimejigeuza, labda," Orest alisema huku akitazama lori la soda lililochorwa ukutani. "Umeme huo. Usiulize."

Mtu mwenye akili timamu angeuliza. Lorne hakuuliza, alifurahi kupata nambari. Akaenda kule mwisho na kuliweka fagio meta moja kushoto. Na wakacheza hivyo, jamani, raundi saba. Orest hakulitazama fagio hata mara moja. Alichungulia kwa kona ya jicho, akaangalia jiwe linatakiwa liende wapi, akarusha huko. Mawe yakaenda. Siyo yote, ila ya kutosha. Lorne akapiga makofi. "Unaona!" alipiga kelele. "Nilisema! Tatizo lilikuwa kunyooka!"

Raundi ya mwisho walikuwa wanalingana na Ostby. Jiwe la Ostby limekaa katikati ya duara. Orest amebaki na jiwe moja. Akiling'oa lile, Ndoo ni yao.

Akachuchumaa. Akamwona Lorne kule mbali, mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, amesimama meta nzima nje ya mstari kwa ajili ya shingo ya kuigiza, uso umejaa matumaini. Na Orest akachoka. Shingo yenyewe ya uwongo ilikuwa imeanza kumuuma kuliko ile ya kweli. Akanyoosha kichwa mbele ya watu mia mbili.

"Lorne!" aliita. "Inawaka! Sikuizima!"

Jumba lote likasikia. Lorne akashusha fagio. "Sasa ulikuwa umepinda kwa nini?"

"Nilikuwa naigiza!"

"Upande usio wako?"

"Sikukumbuka ni upi!"

Kidogo kidogo kicheko kikaanza jikoni, kikaenea viti vyote mpaka kwa watu wa Ostby. Lorne peke yake hakucheka. "Basi nitaweka wapi?" aliuliza, na sauti yake ikawa ndogo. "Mimi sijui tena pa kweli ni wapi, Orest. Kwako wewe sijaweka pa kweli tangu tukiwa na nywele."

"Nitakuelekeza. Njoo kulia."

Kanuni za mchezo ni kwamba nahodha ndiye anayemwelekeza mrushaji. Watu wa Ostby walitazamana, wakaona si kosa, ni aibu tu.

"Kulia. Zidi. Umepitiliza, rudi. Mbele ya jiwe lao. Hapo! Usihame."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Nalenga fagio, Lorne. Kweli."

"Lenga."

Akateleza. Akaachia. Clifford na Emmett hawakuwa na la kufagia, walikimbia tu pembeni kama wasindikizaji wa harusi. Jiwe lilikwenda moja kwa moja, meta baada ya meta, kwenye fagio, na Lorne akalitazama likija kwa utulivu wa mtu ambaye kwa miaka kumi na moja hajawahi kufikiwa na jiwe la Orest. Mawe ya Orest hupita pembeni. Hii ndiyo dunia aliyoijua. Alishtuka jiwe likiwa hatua mbili tu, akaruka. Jiwe likapita, likaling'oa la Ostby kwa mlio uliotikisa madirisha, na lenyewe likabaki katikati kabisa.

Jumba likalipuka. Dwight alimkumbatia mtu asiyemjua. Orest alikuwa bado amelala kifudifudi barafuni, anacheka.

Lorne akanyoosha mkono.

Kelele zikapungua, zikaisha. "Nimeligusa," alisema. "Kisigino. Lilipopita."

"Hakuna aliyeona!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma, na akaangaliwa vibaya na mke wake.

"Nimeona mimi," Lorne alisema. Akainama, akaliondoa jiwe la Orest kwa mguu, na nahodha wa Ostby akarudisha lao katikati, polepole, kama mtu anayerudisha sahani ya watu. Ndoo ikaenda Ostby.

Lorne akaja kwa miguu ile ile ya msiba, meta arobaini. Orest alikuwa ameinuka. Wakasimama ana kwa ana, na kwa mara ya kwanza tangu sijui lini hakuna aliyelazimika kusogea pembeni ili atazamwe.

"Ulilipiga fagio," Lorne alisema.

"Nililipiga."

"Katikati. Nusura uniue."

"Ungehama."

"Sikujua kwamba unaweza kufika!" Lorne alipangusa pua kwa glovu. "Wiki ijayo?"

"Dwight je?"

"Dwight atavua viatu."

Verna alitoka jikoni na simu yake kuwapiga picha ya washindi wa pili, maana ukuta una nafasi. Aliwapanga kama walivyozoea kujipanga, Orest katikati. Akainua simu, akaishusha.

"Orest yuko sawa," alisema. "Nyinyi wengine, mnaegemea nini?"

Wakajitazama. Lorne, Clifford na Emmett walikuwa wameinama upande mmoja, wote watatu, kukipisha kichwa ambacho hakikuwepo tena.

"Mazoea," alisema Emmett, na hilo likawa neno lake la pili la msimu, katikati ya mwezi wa tatu.